Kulala bure porini Missouri: Nani analipa, nani anafukuzwa?

Na Mwandishi Wetu

KATIKA jimbo la Missouri, katikati ya Marekani, mtu mwenye hema na chakula chake anaweza kuingia katika eneo la uhifadhi linaloruhusu kambi, akalala humo usiku kucha na asidaiwe hata senti moja. Hakuna lango wala risiti. Hakuna pia bomba la maji, umeme wala bafu. Pengine atakuta kiwanja cha changarawe na choo cha shimo, pengine asikute hata hivyo. Kuni ni zile zilizokwisha kukauka na kuanguka zenyewe, na taka zake ataondoka nazo.

Msomaji asiyachanganye maeneo hayo na Serengeti au Tsavo. Humo hakuna simba. Kuna kulungu, kindi, bata mzinga wa mwituni na bata maji, na msimu ukifika wenye leseni huingia na bunduki kuwinda. Kwa mkazi wa St. Louis au Kansas City ambaye hana shamba la ukoo, hiyo ni njia rahisi ya kuwapeleka watoto wakaone nyota.

Lakini ubure huo una mlipaji. Mwaka 1976 wapiga kura wa Missouri walikubali, kwa tofauti ndogo ya kura, kuingiza katika katiba ya jimbo lao kodi ya mauzo ya moja ya nane ya asilimia 1 kwa ajili ya uhifadhi. Maana yake ni kwamba katika kila dola 8 za manunuzi, senti moja huenda kwa idara ya uhifadhi. Fedha hizo zikanunua misitu, mabwawa na mbuga za nyasi, zikachonga barabara na kulipa mishahara ya askari wa wanyamapori. Mwaka 1997 jimbo lilipopunguza kodi ya vyakula, senti hiyo ya uhifadhi haikuguswa. Kwa hiyo mama anayenunua mkate na maziwa mjini, na ambaye huenda hajawahi kukanyaga msitu, amekuwa akimlipia kitanda cha majani mwenye hema.

Majimbo mengi ya Marekani hayakufuata njia hiyo. Mzigo mkubwa umebebwa na wawindaji na wavuvi, kupitia ada za leseni na sheria ya mwaka 1937 inayotoza kodi ya asilimia 10 au 11 kwenye bunduki na risasi. Mtanzania anayejua mchango wa vitalu vya uwindaji katika gharama za uhifadhi hapa kwetu hatashangaa. Kasoro ya mfumo huo ni kwamba anayekuja na hema, kamera au baiskeli hutumia ardhi iliyonunuliwa na mwenye bunduki. Colorado ilichoka. Kuanzia Julai 1, 2020, mtu yeyote wa miaka 18 na kuendelea alitakiwa kuwa na leseni ya kuwinda au kuvua ndipo aingie katika maeneo ya wanyamapori ya jimbo, hata kama hana nia ya kugusa samaki. Malalamiko yakawa mengi, na mwaka 2021 kikaanzishwa kibali maalumu kwa wasiowinda.

Iowa, jirani wa Missouri upande wa kaskazini, ina kisa cha aina yake. Huko kila kaunti kati ya 99 ina bodi yake ya uhifadhi, matunda ya sheria ya mwaka 1955, na bustani hizo za kaunti ndizo kambi za watu wa kawaida. Mwaka 2010 zaidi ya asilimia 60 ya wapiga kura waliidhinisha mfuko wa maliasili katika katiba, utakaojazwa na sehemu tatu kati ya nane za asilimia 1 siku kodi ya mauzo itakapopandishwa. Wabunge hawakuipandisha. Miaka zaidi ya kumi ikapita mfuko ukiwa mtupu. Wananchi walipika, wanasiasa wakakataa kupakua.

Kwa kipimo hicho Missouri inastahili sifa. Hata hivyo, ni katika jimbo hilo hilo ambako swali la pili, la nani anaruhusiwa kulala, limejitokeza kwa ukali zaidi.

Mwaka 2022 bunge lake lilipitisha sheria iliyofanya kulala au kupiga kambi bila idhini katika ardhi ya jimbo kuwa kosa la jinai. Ilianza kutumika Januari 1, 2023. Mara ya kwanza mhusika alipewa onyo. Baada ya hapo angeweza kutozwa faini hadi dola 750 au kufungwa siku 15. Waliolengwa hawakuwa wenye magari na majiko ya gesi. Walikuwa watu wasio na makazi, wanaolala chini ya madaraja na kandokando ya barabara kuu.

Desemba 2023 Mahakama ya Juu ya Missouri iliifuta. Wengi walishangilia kabla ya kusoma hukumu. Majaji hawakusema kwamba maskini ana haki ya kulala. Walisema tu kwamba muswada ulikusanya mambo yasiyohusiana, kinyume cha katiba ya jimbo. Kisha Juni 28, 2024, Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 6 dhidi ya 3, iliamua katika kesi ya mji wa Grants Pass, Oregon, kwamba kuwaadhibu wanaopiga kambi katika ardhi ya umma si adhabu ya kikatili inayokatazwa na katiba, hata kama hawana pengine pa kulala. Mlango huo sasa uko wazi kwa jimbo lolote.

Tofauti kati ya mpiga kambi na asiye na makazi basi ni ipi? Hema ni lile lile, moto ni ule ule, na kodi ya mkate wote wawili wameilipa. Tofauti ni idhini, na idhini ina hesabu. Maeneo ya uhifadhi ya Missouri huruhusu siku 14 tu ndani ya siku 30. Sheria hiyo haikutungwa kwa hila: bila kikomo, wachache wangehamia humo moja kwa moja, udongo ukachoka na vyoo vikafurika. Lakini kwa mwenye nyumba, siku ya 15 ni ya kurudi kazini, wakati kwa asiye nayo ni mwanzo wa kutangatanga kutafuta eneo jingine, mbali zaidi na hospitali, kituo cha basi na kibarua.

Hesabu hiyo inasimamiwa na askari wa wanyamapori, ambaye kazi yake ya kila siku ni kulinda kulungu na bata. Ndiye anayelazimika kusimama mbele ya hema asubuhi ya siku ya 15 na kumwambia mwenyewe afungashe, bila kuwa na mahali pa kumwelekeza.