Mwalimu aliyetupa chaki

Wiki hii tunapanda ndege mpaka India, ila hatushuki Mumbai kwa kina Amitabh. Tunapitiliza mpaka Hyderabad, kwenye sinema za Kitelugu. Huko kuna mzee mmoja ambaye sura yake naamini unaijua hata kama jina hulijui. Kipara, macho yamemtoka, mdomo umepinda kama aliyelamba ndimu. Ndiyo, yule yule mnayerushiana kwenye simu mtu akiropoka pumba! Anaitwa Brahmanandam.

Sasa sikia. Huyu bwana, aliyezaliwa mwaka 1956 wilaya ya Guntur, jimbo la Andhra Pradesh, hakuwa mhuni wa kijiweni. Alisoma mpaka shahada ya uzamili, akawa mwalimu wa lugha ya Kitelugu chuoni, mji mdogo wa Attili. Kazi safi, mshahara mwisho wa mwezi, watu wanakuamkia njiani. Tatizo lake moja tu: kuiga sauti za watu. Mwongozaji mmoja aitwaye Jandhyala akamwona, akampa nafasi kwenye filamu ya Aha Naa Pellanta mwaka 1987. Na chaki ndiyo ikaishia hapo.

Mimi niliyeishia kidato cha nne, na ambaye nyumbani kila siku naambiwa nitafute kazi ya maana, nikisoma habari hii nasisimka mwili. Mtu ana kazi ya maana mkononi, anaiacha akachekwe!

Na alichekwa kweli. Humo alikuwa mtumishi wa tajiri mmoja bahili kupindukia, aliyechezwa na marehemu Kota Srinivasa Rao. Ubahili gani? Mzee anamning'iniza kuku darini, halafu anakula wali mkavu huku akimtazama. Mtumishi wa nyumba hiyo ataacha kuchanganyikiwa? Jina lake humo ni Aragundu, maana yake aliyenyolewa nusu kichwa. Tangu hapo mambo yakawa moto.

Mpaka sasa ameshacheza filamu zaidi ya 1,000, na Guinness walimwandika kwenye kitabu chao cha rekodi. Piga hesabu: tangu 1987 hadi 2023, ni zaidi ya filamu mbili kila mwezi. Analala saa ngapi?

Siri ni kwamba kule mchekeshaji ni kama chumvi. Starling anapiga, anapenda, anaimba, lakini bila mzee kipara watu wanaona filamu imepooza. Kwenye Ready ya 2008 na Dookudu ya 2011 mtindo ulikuwa huo huo: yeye anajiona mjanja wa mji, kumbe starling anamwingiza mjini mchana kweupe. Katika Dookudu anadanganywa kwamba yuko kwenye kipindi cha televisheni, naye anajiachia kweli kweli! Na jina lake humo? Padmasri, sawa na nishani ya Padma Shri aliyopewa na serikali ya India mwaka 2009.

Ila nami nina langu moyoni. Vibao vilizidi. Kila filamu mzee anazabwa makofi, na nyingine unaona kabisa mwandishi aliishiwa akasema mleteni kipara apigwe. Mtu aliyefundisha fasihi! Baadaye kasi ikapungua, na Januari 2019 akafanyiwa upasuaji wa moyo. Wengi wangesema basi, kwisha habari.

Kumbe bado. Mwaka 2023 ikatoka Rangamarthanda. Humo ni mwigizaji mzee wa jukwaani, rafiki wa Prakash Raj, mgonjwa wa kufa. Hakuna kofi, hakuna jicho la kutoka. Kuna kitanda cha hospitali na maneno yanayotoka taratibu. Watu waliozoea kumcheka walilia, na mimi mwenyewe nilizuga nimeingiwa na vumbi.

Mwaka 2025 akarudi na Brahma Anandam, akicheza na mwanaye wa kumzaa, Raja Goutham. Eti humo baba ni babu na mwana ni mjukuu! Wenye bando anzeni na ile ya kuku. Lugha isiwatishe, ule uso unajitafsiri wenyewe.

Tukutane wiki ijayo.