Tuonyeshe Hesabu, Mheshimiwa

Kwa Waziri wa Elimu,
Jogoo House, Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Bawabu anayelala katika kijumba cha uani nyuma ya ghorofa za Lavington, fomu ya ufadhili wa chuo kikuu ikimuuliza anaishi wapi, ajibu nini? Lavington. Na bintiye, aliyesomeshwa na mhisani katika shule ghali ya bweni, ataandika jina la shule hiyo kwa kuwa ndiyo aliyosoma. Mtambo unaopima uwezo wa familia utaona mtaa wa matajiri na shule ya matajiri. Bawabu je, utamwona?

Nauliza kwa sababu tangu mfumo wa 2023 wa kufadhili vyuo vikuu uje, jibu la mtambo ndilo karo. Mtambo humpa mwanafunzi bendi: wa bendi ya 1 hulipiwa na serikali asilimia 70, akakopeshwa 25, mzazi akatafuta 5. Bendi ya 5, mzazi hudaiwa 40. Tunajua mnauliza kipato, idadi ya watoto, shule. Kila jibu lina uzito gani? Hilo mzazi wa Kangemi hajabandikiwa popote.

Kwingine kipimo cha namna hii kimezua kesi. Januari 2022, vyuo vikuu 16 vya Marekani, Yale kikiwemo, vilishtakiwa Chicago kwa madai ya kukubaliana jinsi ya kupima uwezo wa familia, ili visishindane kutoa msaada. Chuo Kikuu cha Chicago kililipa dola milioni 13.5 kumaliza kesi bila kukiri kosa, na vingine vikafuata. Kule kipimo kimoja kilifikisha watu kortini. Kwetu ndiyo sera. Sidai kuna njama. Lakini aliyepewa bendi isiyo yake hana chuo cha umma cha kukimbilia akapimwe upya. Ana rufaa tu, na atakatia rufaa hesabu asiyoijua.

Desemba 20, 2024, Jaji Chacha Mwita aliamua kwamba mfumo huu unakiuka Katiba. Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo, bendi zikaendelea. Hayo nawaachia mawakili.

Ombi langu ni dogo, na Kifungu cha 35 cha Katiba, cha haki ya kupata habari, kinaliruhusu. Kabla fomu za mwaka ujao hazijafunguliwa, chapisheni uzito wa kila swali, kwa Kiswahili. Nakala moja iwekwe Anniversary Towers, kwenye dirisha la HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na nyingine ofisi ya chifu Kawangware, ukutani, mahali mtu anaweza kusimama na kalamu akajihesabia.

Wako,
Mkazi wa Kawangware