Daftari la Wiki: Ada ya Zimamoto Imekagua Nini?

Wiki hii niliketi kwenye viti vya umma katika bunge la kaunti moja, nikisikiliza kamati ikimhoji waziri wa fedha wa kaunti juu ya Mswada wa Fedha. Mjadala ulikuwa umeshapoa, watu wanapekua karatasi, ndipo mwakilishi wadi mmoja, mama wa makamo aliyekuwa kimya muda wote, akawasha kipaza sauti: "Mheshimiwa Waziri, hii ada ya zimamoto tunayotoza kila duka, mwaka uliopita ni maduka mangapi yaliyokaguliwa?" Waziri akataja kiasi cha fedha kilichokusanywa. Mama akasema hakuuliza fedha, ameuliza maduka. Waziri akarudia fedha. Mwenyekiti akaamua jibu liletwe kwa maandishi, na kamati ikahamia maegesho ya magari.

Swali hilo halijanitoka kichwani. Katika maswali yote niliyosikia yakiulizwa serikali za kaunti tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, ni machache yaliyoshika kodi na usalama wa wananchi kwa pamoja namna hiyo. Kwa kawaida mambo haya huenda kwenye kamati mbili tofauti. Kamati ya fedha inauliza mapato, kamati ya usalama na majanga inauliza magari ya zimamoto, na hakuna anayeuliza kama shilingi iliyotozwa kwa jina la moto iliwahi kufika kwenye moto.

*

Katiba ya Kenya ya 2010 iliipa kaunti uwezo mdogo wa kutoza, na iliufunga kwa masharti. Kifungu cha 209 kinaiachia serikali ya kitaifa kodi ya mapato, kodi ya ongezeko la thamani, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa. Kaunti zimepewa kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, kodi nyingine yoyote iliyoruhusiwa na sheria ya Bunge, na ada za huduma zinazotoa. Soma hayo maneno ya mwisho polepole: huduma zinazotoa. Ada ya ukaguzi wa moto si kodi ya kawaida ambayo serikali inaweza kuitoza bila kutoa huduma mahususi. Ni malipo ya kazi. Mkaguzi asipofika, kazi haikufanyika, na kwa maoni yangu fedha hiyo haikustahili kuchukuliwa.

Wala kaunti haiwezi kusema moto ni wa mwingine. Jedwali la Nne la Katiba limeorodhesha zimamoto na kukabiliana na majanga miongoni mwa kazi za kaunti, pamoja na taa za barabarani, mipango ya ujenzi, leseni za biashara na leseni za pombe. Nayo Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 39, inaipa kamati ya bunge la kaunti uwezo wa kumtaka waziri afike na ajibu swali lolote linalohusu kazi yake. Kwa hiyo yule mama alikuwa na sheria mkononi, na jibu la maandishi aliloahidiwa ni deni.

*

Nitawaonyesha inavyokuwa huku chini. Jirani yangu anauza chai, maandazi na maharagwe katika chumba cha mabati chenye mlango mmoja. Leseni yake imetundikwa ukutani kwa msumari, juu ya meza ya wateja, ndani ya karatasi ya nailoni iliyokwisha kuwa ya njano kwa moshi. Kando yake kuna cheti cha usalama wa moto. Alilipa kwa simu, cheti kikaja kwa simu, akaenda kukichapisha. Mtungi wa kuzimia moto upo, maana aliambiwa bila mtungi hapati leseni, lakini mshale wa kipimo chake umelala kwenye rangi nyekundu, na kadi ya ukaguzi iliyofungwa shingoni haisomeki tena. Mtungi wa gesi ya kupikia umekaa karibu na mlango, mlango huo huo mmoja. Nilimuuliza kama kuna mtu wa kaunti aliyewahi kuingia kutazama hayo. Akasema wanaokuja ni wa kuuliza leseni tu. Wakiiona ukutani wanaondoka.

Mkaguzi anayejua kazi yake angehitaji dakika chache hapo. Angesema gesi itolewe nje, mtungi wa kuzimia moto ujazwe, na ukuta wa nyuma ufunguliwe mlango wa pili. Watu kumi na kitu wanaokula pale saa saba mchana wangekuwa salama kuliko walivyo leo.

*

Nairobi ilianzisha mwaka 2023 leseni ya biashara iliyounganisha vibali kadhaa, kikiwamo cha usalama wa moto, kwa malipo ya mara moja. Kwa mfanyabiashara ni nafuu kubwa, na kaunti zinazoiga mfano huo zinafanya vema. Ninayemwonea wasiwasi ni mwakilishi wadi. Ada zikishayeyuka kuwa jumla moja, itambidi adai mchanganuo: kiasi gani ni cha moto, kiasi gani cha afya, na kila kiasi kilinunua nini. Asipodai wakati wa Mswada wa Fedha, hatapata nafasi nzuri tena mwaka mzima.

*

Februari 2024 ilitupa mafunzo mawili ndani ya siku chache, na bado sioni kama tumeyasoma. Usiku wa tarehe 1, lori lenye gesi lililipuka Mradi, Embakasi, Nairobi. Watu walikufa, zaidi ya 200 wakajeruhiwa, na nyumba na maghala yakateketea. Mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA, ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo mara tatu mwaka 2023. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ikakiri kwamba kibali chake kilitolewa kinyume cha utaratibu, ikawasimamisha kazi maofisa wake. Wiki iliyofuata, Kirinyaga, watu zaidi ya kumi walikufa baada ya kunywa pombe yenye sumu.

Maafa ya aina hii hupita katika ofisi nyingi. Hapo ndipo maswali ya wawakilishi wadi yana uzito ambao hakuna tume inayoweza kuufikia, kwa sababu wao wanaishi pale. Mwakilishi wadi anajua kiwanja gani kimeanza kuingia malori ya gesi usiku. Anajua baa gani imefunguliwa hatua chache kutoka lango la shule. Anachohitaji ni mazoea ya kuuliza kabla ya maafa: nani aliidhinisha matumizi ya ardhi hii, nani alitoa leseni ya baa ile, kaunti ilipata shilingi ngapi, na nani alikwenda kukagua. Kaunti ambayo mapato yake ya leseni za pombe yanapanda kila mwaka inapaswa kueleza pia idadi ya baa ilizozifunga.

*

Juu ya wizi na uhalifu mitaani, nimechoshwa na jibu moja linalotolewa na kaunti nyingi: polisi ni wa serikali ya kitaifa. Ni kweli kabisa. Lakini kifungu cha 41 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 kimeanzisha mamlaka ya masuala ya polisi katika kila kaunti, na mwenyekiti wake ni gavana au mtu aliyemteua. Mwakilishi wadi akipewa jibu lile, na aulize hivi: mamlaka hiyo ilikutana lini mara ya mwisho, na kumbukumbu za kikao ziko wapi? Kisha aulize taa za barabara ya soko, ambazo hakuna ubishi kwamba ni kazi ya kaunti. Mama mboga anayefunga kibanda saa mbili usiku hahitaji somo la mgawanyo wa madaraka. Anahitaji kuona anapokanyaga.

*

Kuhusu cess, yaani ushuru wa mazao, kwa ufupi. Lori la viazi kutoka Nyandarua kwenda Mombasa linakatiza kaunti kadhaa, zikiwamo Kiambu, Nairobi, Machakos, Makueni, Taita Taveta na Kwale. Kifungu cha 209 kinakataza kaunti kutumia uwezo wake wa kutoza kwa namna inayozuia bidhaa kusafiri nchini, na bado madereva wanalalamika kutozwa njiani zaidi ya mara moja. Nimeona kizuizi cha ushuru cha kamba na pipa, kimewekwa usiku kwenye barabara isiyo na taa. Hicho ni kitu cha kuua watu, na kamati ya usalama ingekuwa na haki kukiondoa hata kama kamati ya fedha inakipenda. Majirani zetu Tanzania walichukua hatua mwaka 2017: ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Nasi tunahitaji kiwango kimoja kinachojulikana nchi nzima, kinacholipwa mara moja.

*

Seneti imeendelea kuwahoji magavana juu ya ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na ni kazi ya lazima. Lakini ukisikiliza, mara nyingi hesabu zinazojadiliwa ni za zamani. Waziri aliyehusika ameshaondoka, na gavana anayejibu pengine hakuwapo. Katiba, kifungu cha 229, inataka bunge la kaunti lijadili ripoti na kuchukua hatua ndani ya miezi mitatu baada ya kuipokea. Mabunge ya kaunti yangeshika muda huo, maswali mengi yasingelazimika kusafiri hadi Nairobi.

Tumeyaona mabunge hayo yakiweza kumng'oa gavana. Ferdinand Waititu wa Kiambu na Mike Sonko wa Nairobi waliondolewa mwaka 2020 kwa hoja zilizoanzia kwao. Nisingependa wawakilishi wadi wakumbukwe kwa hilo tu. Hoja ya kumwondoa gavana huja mara moja kwa miaka, tena huchafuliwa na siasa. Swali la mabomba ya maji ya zimamoto yaliyokauka linaweza kuulizwa kila mwezi, na likiulizwa kwa ukaidi, bomba hujazwa.

*

Mwaka 2014 Jaji George Odunga aliifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Katika uamuzi huo alisema ni wajibu wa bunge la kaunti kuwatafuta watu walipo: makanisani, misikitini, kwenye mabaraza, kwenye redio za kitaifa na za lugha za kienyeji. Tangazo dogo gazetini halitoshi. Uamuzi ule ni wa kubandikwa kwenye mlango wa kila karani wa bunge la kaunti.

Lakini ukumbi nao unatakiwa ujae. Nilipokuwa kwenye kikao cha wiki hii, viti vingi vya umma vilikuwa vitupu. Kwa sheria, Mswada wa Fedha wa kaunti hupitishwa ndani ya siku 90 baada ya mswada wa matumizi kupitishwa, kwa hiyo kila mwaka kuna majuma ambayo mwakilishi wako analazimika kusikiliza. Ukiwa na duka, kinyozi, hoteli au kibanda, beba risiti yako ya leseni uende. Tafuta mstari wa zimamoto. Simama, mwambie mheshimiwa kwa adabu: nililipa hiki, hakuna aliyekuja, naomba umuulize waziri kwa nini. Na yule mama wa kamati ya fedha, usikubali wakukabidhi karatasi yenye shilingi tupu. Uliuliza maduka, dai hesabu ya maduka.