Adhabu Ina Mwisho Wake

Wamarekani walimwita Bob Hayes kwa jina la "Risasi", na ndugu zetu askari ndio wawezao kupima kama jina hilo lilimstahili. Tarehe 15 Oktoba, 1964, katika Michezo ya Olimpiki mjini Tokyo, alishinda mbio za mita 100 kwa sekunde 10.0 na kuifikia rekodi ya dunia, ingawa alipewa njia ya ndani iliyokwisha kuchimbuliwa na miguu ya washindani wengine.

Mwaka 1965 alijiunga na Dallas Cowboys akiwa mpokeaji katika kandanda ya Kimarekani, mchezo ambao mpira wake una umbo la yai na hurushwa kwa mikono. Kazi ya mpokeaji ni kuwatoroka walinzi na kuudaka mpira mbali. Desturi ilikuwa kila mlinzi kumfuata mtu wake. Lakini nani angemfuata Hayes? Timu pinzani zililazimika kuacha kumlinda mtu na kulinda eneo, jambo ambalo kila aliyewahi kushika lindo atalielewa mara moja. Kwa Dallas alifunga mara 71 kwa mipira aliyoidaka, na Januari 1972 timu yake ikatwaa ubingwa wa taifa.

Mwaka 1979 alikiri mahakamani kumpatia dawa za kulevya mtu ambaye, kumbe, alikuwa askari polisi aliyevaa kiraia. Alikaa gerezani miezi 10, akaachiliwa mwaka 1980. Askari yule hatumlaumu hata kidogo. Alitazama kosa, hakutazama medali, na hivyo ndivyo alivyoapa kufanya.

Linalotuudhi ni yaliyofuata. Jumba la Heshima la mchezo huo, lililoko Canton katika jimbo la Ohio, lilimwacha nje miaka mingi. Mwaka 2004 jina lake lilifikishwa mbele ya wapiga kura, likakataliwa. Wengi waliamini kwamba kifungo ndicho kilichomponza, ijapokuwa kanuni za jumba lenyewe zinawataka wapiga kura wapime mambo ya uwanjani tu. Wako wasemao kwamba kumheshimu kungewapotosha vijana. Sisi hatukubaliani nao. Vijana walikwisha kumwona akifungwa. Wangepungukiwa na onyo gani tena? Mahakama ilikwisha kusema neno lake, na hatujui ni nani aliyewapa wengine mamlaka ya kumwongezea kifungo. Hata askari jela hamfuati mtu nje ya lango akamrudisha ndani kwa kosa lile lile.

Heshima hiyo ilitolewa mwaka 2009. Hayes alikuwa amefariki tangu tarehe 18 Septemba, 2002, mjini Jacksonville alikozaliwa, akiwa na umri wa miaka 59. Dallas walau walimuwahi: mwaka 2001 waliliweka jina lake miongoni mwa wanaoheshimiwa katika uwanja wao, naye akawapo mwenyewe kulisikia likitajwa.