Kitabu Kimoja, Wasomaji Wangapi?

Watu wakilinganisha bei ya kitabu cha karatasi na ya kitabu cha kielektroniki, huangalia tarakimu mbili, wakaona ipi ndogo, wakamaliza. Ubishi huu ulipamba moto Marekani. Novemba 2007 Amazon ilizindua Kindle, kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, na kuuza vitabu vipya vilivyovuma kwa dola 9.99. Wachapishaji wakapiga kelele kwamba bei hiyo itawaua. Ugomvi ukafika mahakamani, na mwaka 2013 jaji akaamua kwamba Apple, mshindani wa Amazon, ilikula njama na wachapishaji watano ili bei ipande. Katikati ya ugomvi ule ilitoka hesabu ambayo sisi wa kusini mwa Maniema, Kongo, tunapaswa kuijua. Mwaka 2010 gazeti la New York Times lilichambua kitabu cha jalada gumu cha dola 26. Kukichapa, kukiweka ghalani na kukisafirisha kulikula kama dola 3.25 tu.

Kwa hiyo msomaji wa Chicago akiambiwa kwamba kuondoa karatasi hakushushi bei sana, haambiwi uongo. Huku kwetu Wamaza hesabu hiyo inageuka. Kitabu kilichochapwa Kinshasa, Lubumbashi au Dar es Salaam kinatoka mbali sana hadi Kasongo, na kutoka hapo kinamalizia safari juu ya pikipiki, katika njia ambayo mvua ikinyesha dereva hushuka akasukuma. Kila anayekipokea njiani anaongeza chake, na ni haki yake, maana karatasi ni nzito. Mchuuzi mwenye nafasi ya katoni moja atabeba sabuni na chumvi kabla ya riwaya, kwa kuwa sabuni itaisha wiki hii na riwaya inaweza kukaa mwaka mzima. Ndiyo maana dukani utakuta madaftari na kalamu, na ukiuliza kitabu cha hadithi utaangaliwa kwa mshangao.

Basi kama uchukuzi ndio unaotumaliza, faili lisilopanda pikipiki lingetufaa sisi kuliko watu wote. Mbona halijatufaa? Kwa sababu duka la mtandaoni linataka kadi ya benki mahali ambapo watu hulipana kwa M-Pesa na Airtel Money, tena linakifunga kitabu ndani ya akaunti ya mtu mmoja.

Kufunga huko ndiko kunakoniuma zaidi. Nimeshika kitabu cha sarufi ya Kifaransa cha mwalimu mmoja wa hapa. Mgongo wake umeshonwa kwa uzi wa nailoni, na ukurasa wa mwisho umejaa majina ya walioazima, mengine yamepigwa mstari kuonyesha kwamba kimerudi. Tuseme kilinunuliwa dola 10 na kimesomwa na watu 40: kila msomaji amegharimu robo dola. Faili la dola 5 lisiloazimika, linalosomwa na mwenye simu peke yake, ni ghali mara 20. Na hata huyo mwenye simu hana hakika na mali yake. Julai 2009 Amazon ilifuta nakala za 1984 ya George Orwell ndani ya Kindle za watu waliokwisha kuzilipia, kwa sababu aliyeziuza hakuwa na haki ya kuziuza. Walirudishiwa fedha, lakini kukitoa kitabu ndani ya nyumba ya mtu usiku ni jambo ambalo muuza vitabu wa sokoni hawezi kulifanya.

Gharama za simu yenyewe nazo haziandikwi kwenye bei: kusharji kwa mwenye pano ya sola, na mega za kupakulia. Tangu Septemba 2020 hadi mapema 2022 kulikuwa pia na ada ya serikali ya kusajili simu, iliyoitwa RAM, iliyokatwa moja kwa moja kwenye salio, hadi dola 7 kwa mwaka kwa simu za 3G na 4G. Raia walilalamika mpaka ikaondolewa.

Mega hizo zinaumiza hata pale kitabu chenyewe ni cha bure. Tazameni maisha ya Tippu Tip, mtu aliyetawala kutoka Kasongo. Aliyasimulia kwa Kiswahili, Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Ni habari za nchi yetu, nzuri na mbaya, na biashara ya watumwa imo. Leo maandishi hayo hayana tena mwenye kudai haki, na anayeyatafuta mtandaoni hayanunui. Ila nakala za namna hii mara nyingi ni picha za kurasa, na picha hula mega nyingi. Maneno yale yale yakichapwa upya kama maandishi matupu, hayafiki hata mega mbili. Kazi hiyo inaweza kufanywa na vijana wa sekondari wenye kompyuta moja.

Najua mwandishi naye lazima ale. Faili likipita bure kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth au Xender, yeye hapati kitu, na sitaki kujifanya kwamba hilo ni dogo. Ninachowaomba wachapishaji wa Afrika Mashariki na wa Kongo ni kuuza faili kwa shule, kwa parokia, kwa msikiti, kwa bei moja inayolipwa kwa simu, kisha waache lisomwe na wote waliomo. Mwandishi atalipwa mara moja fedha anazozijua, badala ya kungoja wanunuzi wenye kadi ambao huku hawapo.

Toleo hili mnalolisoma tumeliuza hivyo. Nakala za karatasi ni chache, faili ni maandishi matupu, na ruhusa ya kulipitisha ndani ya shule iliyolinunua imeandikwa ukurasa wa kwanza. Wakuu wa shule mliolichukua, tuambieni kabla ya mwisho wa muhula limesomwa na wangapi, ili bei ya toleo lijalo tuipange kwa idadi hiyo.