Buganda Imo Mchezoni, Kanuni ni za Nani?

Februari 2025 lilitoka toleo la saba la Civilization, mchezo wa kompyuta ulioanza mwaka 1991. Nimefurahi, na nimekereka. Nimefurahi kwa kuwa Aksum na Buganda zimo, naye Amina wa Zazzau ni miongoni mwa viongozi. Nimekereka kwa kuwa zama za uvumbuzi humtuza mchezaji anayeanzisha miji ng'ambo na kusafirisha hazina zake hadi kwao. Buganda halisi iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1894. Leo, kwenye skrini, inaruhusiwa kutawala wengine. Je, hiyo ndiyo haki? Anayeongeza wachezaji na kuziacha kanuni zilezile ametugawia sote ukoloni. Vijana, chezeni, ila mwulizeni aliyezitunga kanuni: kwa nini ushindi uwe uporaji?