Kipimo cha Kidole Kwanza

Wagonjwa wengi wanaogopa dawa ya usingizi kupita kisu chenyewe. Wengine wanauliza: "Je, nitaamka katikati ya kupasuliwa?" Wengine wanauliza: "Je, nitaamka tena?" Kila swali lina chombo chake.

Kwa swali la kwanza kuna mashini ya kupima ubongo. Waya zinabandikwa kwenye paji la uso, na mashini inaonyesha hesabu toka 0 mpaka 100. Mtu aliye macho anakaribia 100. Aliyelala vema kwa kupasuliwa yuko kati ya 40 na 60. Mzizi wa kazi hii ni Mjerumani Hans Berger, aliyetangaza mwaka wa 1929 namna ya kuandika umeme wa ubongo wa mtu.

Kwa swali la pili kuna kipimo cha kidole. Mwanga unapita kidoleni na kuonyesha kama damu inachukua oksijeni ya kutosha, yaani ile sehemu ya hewa inayotupa uzima. Mjapani Takuo Aoyagi alivumbua njia hii, ikatangazwa mwaka wa 1974. Hesabu ya 95 au zaidi ni njema. Chini ya 90 ni hatari.

Basi, hospitali yenye feza kidogo inunue chombo gani kwanza? Mimi nasema: kipimo cha kidole. Kuamka chini ya kisu ni taabu kubwa, tusiidharau. Lakini ubongo unaokosa oksijeni unaharibika kwa dakika chache tu. Tena mashini ya ubongo inadanganywa na ketamini, dawa tunayoitumia sana huku: mgonjwa amelala vema, na hesabu inabaki juu.

Hata hivyo, kipimo si mlinzi. Mgonjwa anayepewa oksijeni anaweza kuacha kupumua, na hesabu ikakawia kushuka. Kwa hiyo lazima mtu aliyefundishwa akae kwenye kichwa chake, atazame kifua, ashike mshipa wa mkono, wala asiondoke.

Ndugu, wewe pia una kazi. Usile tangu saa uliyoambiwa. Kama umekula, sema kweli. Ondoa rangi ya kucha, maana inaweza kudanganya kipimo. Tena uulize: "Nani atanilinda nikiwa usingizini, na je, ana kipimo cha kidole?" Mganga mwema hakasirikii swali hilo.